Mafuta Hutolewa Kwanza

Ukitoka Tanga kwenda Ukunda huhami sana. Unavuka Horohoro, pasipoti inagongwa mhuri, unatokea Lungalunga, na Wadigo uliowaacha Mkinga unawakuta Kwale wakijuliana hali kwa Kidigo kilekile. Hata mto ni mmoja: Umba huzaliwa kwetu Usambara, ukaenda kumwaga maji yake kwao Vanga. Kinachobadilika ni noti mfukoni, na siku ya kuogopa kituo cha mafuta. Sisi Tanzania huingoja Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA itangaze bei. Wao huingoja tarehe 14, EPRA itangaze ya kwao. Nilishuka Ukunda jioni ya tarehe hiyo. Waendesha bodaboda walikuwa wamekusanyika kwenye simu moja, kisha mmoja akacheka kwa sauti, na nikajua petroli haikupanda.

"Leo tumesamehewa," akaniambia kijana aliyenibeba. "Maana mafuta yakipanda shilingi kumi, abiria hakuongezi hata tano. Anakuambia yeye na wewe nyote maskini, basi mvumiliane."

Watalii husema wamekwenda Diani. Wanaowapikia, wanaowatandikia vitanda na wanaowachezea ngoma jioni hulala Ukunda, kilomita chache kutoka ufukweni, na asubuhi mji mzima humiminika kuelekea baharini kwa matatu, tuktuk na pikipiki. Ndege ndogo kutoka Nairobi hutua kiwanja kilichopakana na nyumba za watu. Usiku taa huwaka kwa umeme ambao, ukipima nchi nzima, sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji ya mabwawa na upepo wa Turkana. Ni jambo ambalo mataifa mengi tajiri yangali yanaliahidi mikutanoni. Lakini ushindi huo unaishia ukutani, kwenye swichi. Karibu kila chenye kwenda, cha nchi kavu na cha majini, hunywa mafuta yaliyokuja kwa meli. Wala hayasafishwi tena pwani: kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na petroli sasa huteremka Mombasa ikiwa tayari kuchomwa.

Kwenye barabara ya hoteli, inayokwenda sambamba na ufuko, utaona ngazi za kamba zimetandazwa juu kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande wa pili. Ni za mbega, wale weusi wenye mabega meupe. Msitu wao ulikatwa kati na lami, wakawa wanagongwa na magari, ndipo shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, likaanza kuwafungia njia za hewani. Nilisimama chini ya ngazi moja nikamwona mama mbega akivuka na mtoto kifuani, na chini yake pikipiki tatu zikipita na mitungi ya gesi. Hakutazama chini. Kila aliyekuwa barabarani, mimi nikiwamo, alikuwa mgeni katika msitu wake, na yeye ndiye aliyejengewa njia ya kupita pembeni.

Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja kando ya barabara kuu. Mbaazi za Ukunda ni nzito kwa tui kuliko zetu, na hamri lina iliki ya kutosha kukuamsha. Kisha nikateremka hadi bandari ya wavuvi ya Mwaepe, iliyobanwa kati ya kuta za hoteli. Chini ya kivuli, mzee mmoja alikuwa akisuka lema, mtego wa samaki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye fito zake, akaniuliza nitokako.

"Tanga."

"Ala! Kwa wapiga baruti."

Sikuwa na la kujitetea. Kwa miongo mingi mwambao wetu ulisikika ukilia mabomu mchana kweupe, na mwamba uliokua kwa karne nzima ukavunjwa kwa sekunde kwa ajili ya dagaa na kolekole wa siku moja. Hali imetulia sana tangu serikali ikaze kamba miaka ya karibuni, lakini jina lilishavuka mpaka kabla yetu. Nilimweleza hayo, na mzee akapoa. Akanionyesha bahari kwa fito aliyoishika.

"Hapa hatukupiga baruti. Tumeimaliza polepole, kwa adabu."

Maji yalikuwa yametoka. Kati ya ufuko na mwamba palikuwa na vidimbwi, majani ya bahari, na mafuma: weusi, wa miiba mirefu, wamejazana kwenye kila ufa wa jiwe. Watafiti waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameeleza wingi huo unatoka wapi. Fuma ana adui, naye ni samaki aitwaye kikande, mwenye meno ya kuvunja gamba. Kikande ni mwepesi kuingia ndoana na lema, kwa hiyo panapovuliwa sana yeye hutangulia kwisha. Akiisha, mafuma huzaana, na mafuma wengi huukwangua mwamba wenyewe wanapojitafutia chakula. Ndani ya hifadhi ya Kisite, kusini huko kwenye maji ya Shimoni, ambako uvuvi umekatazwa tangu miaka ya 1970, vikande wapo na mafuma ni wachache. Bahari ni ileile na jua ni lilelile. Juu ya hayo likaja joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata homa ya El Niño, na matumbawe ya pwani hii yakageuka meupe, mengi yakafa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima imo katika wimbi la nne la weupe huo. Mvuvi wa Mwaepe anaweza kumwachia kikande aishi. Joto linaloletwa na moshi wa nchi asizozijua hana pa kuliachia.

Nilimuuliza mzee ni lini alianza kuona tofauti. Nilitarajia ataje juya, wavu wa kukokota, maana kila mtu hulitaja. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na ukiuliza bandari yoyote utaambiwa lipo, ila liko bandari ya pili. Mzee hakulitaja. Alitaja mashine.

"Chombo cha tanga kilikuwa na deni gani? Upepo haudai. Kusi likichacha, bahari ya nje imefungwa, nyote mko hapa ndani au mko shambani kwenye mihogo. Samaki wa nje wanapumua. Sasa kusi linavuma na mtu anakwenda. Si kwamba hana akili. Anadaiwa."

Akanieleza mgawo wa boti ya mashine, na nikautambua, kwa sababu hata kwetu uko hivyohivyo. Samaki wakiuzwa, mafuta hutolewa kwanza. Kisha barafu na chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa: chombo kina fungu lake, mashine ina fungu lake, wavu una fungu lake, halafu mabaharia. Mara nyingi petroli huchukuliwa alfajiri kwa mkopo, kwa tajiri yuleyule atakayenunua samaki, naye ndiye mwenye kutaja bei.

"Ukishachukua mafuta yake," mzee alisema, "huwezi kurudi na changu wanne ukasema leo bahari imekataa. Lazima ikubali. Basi utashusha wavu wa macho madogo, utachukua na watoto."

Miaka yote nimesoma kwamba samaki wanakwisha kwa sababu wavuvi ni wengi na hawana elimu. Sikuwahi kusoma kwamba bei inayotangazwa ofisini Nairobi au Dodoma, ambayo nayo imefuata bei ya pipa huko duniani, hushuka hadi kwenye ukubwa wa tundu la wavu. Dau la tanga linaweza kurudi tupu, watu wakalala njaa siku moja na mambo yakaendelea. Chombo kinachokunywa petroli hakina ruhusa ya kurudi tupu. Ndipo mafuta na samaki, vitu viwili ambavyo wakubwa wetu huvijadili katika wizara mbili, vinapokutana bandarini kwenye daftari moja la tajiri.

Serikali nayo iliwahi kujaribu. Mwaka 1995 ilitangaza eneo la Diani hadi Chale kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi walikataa, na hifadhi ikabaki kwenye karatasi. Nilipomuuliza mzee kwa nini walikataa, alicheka. Hoteli zilikuwa zimeshachukua njia zao za kwenda ufukweni, akasema. Nani angeamini kwamba anayekuja kuchukua maji amekuja kuyatunza? Siku hizi kuna vikundi vya wavuvi viitwavyo BMU, ambavyo kanuni za 2007 zilivipa haki ya kusimamia bandari zao, na hapa na pale mwambaoni vijiji vimetenga vipande vya mwamba visivuliwe. Vingine vimeshika, vingine vimelegea.

Karibu na banda, kina mama karanga walikuwa wameshawasha. Hawa hununua samaki wadogo ambao hoteli haziwataki, wakawakaanga na kuwatembeza mitaani Ukunda. Nilinunua tafi wawili na sima, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Karai lilikuwa pana, na chini yake palikuwa na kuni za mvinje zikisaidiwa na vifuu. Nikamuuliza mwenye karai kama hajafikiria gesi.

"Kaka, nyumbani ninayo," alisema. "Ya chai. Hili karai likiwekwa juu ya gesi, mtungi hauoni Ijumaa. Halafu hiyo gesi ikipanda, nitaikatia mti gani?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo. Kwetu mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na kwa sasa mtungi wa gesi ndio unaobeba sehemu kubwa ya ahadi hiyo. Ni kweli mtungi huokoa msitu na kifua cha mpishi. Ni kweli pia kwamba ni mafuta yaleyale kwa sura nyingine, ya kuja kwa meli, ya kupanda bei bila kuuliza. Magunia ya mkaa yanayoshuka Ukunda kutoka bara ya Kinango si ushahidi kwamba watu hawajasikia habari za misitu. Mkaa una sifa moja ambayo gesi haina: unauzwa kwa kopo, kwa kadiri ya shilingi uliyo nayo leo.

Kinondo iko kusini mwa Diani, barabara inapoanza kupumzika na hoteli. Kaya Kinondo ni msitu wa hekta 30 hivi, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kabla ya kuingia nilifungwa kaniki kiunoni. Masharti ni machache: hakuna kubusiana humo, usipige picha pasiporuhusiwa, usitoke na kitu. Mtu aliyeniongoza alirudia hilo la mwisho akitazama mkono wangu. Hata kijiti kilichoanguka chenyewe kinabaki kilipoangukia.

Ndani kuna baridi ya ghafla. Miti imesimama juu ya matumbawe ya kale, mizizi imekumbatia mawe, na ukisikiliza upande wa mashariki utasikia bahari na, kwa mbali, muziki wa hoteli. Nje ya msitu huo hekta moja ni mali ya kutajirisha ukoo. Niliuliza ni nini hasa kimeuzuia usiuzwe. Kiongozi wangu alinieleza habari za fingo zilizozikwa na wahenga, kisha faini ya mbuzi kwa anayekata, kisha akasita, akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sheria ya nchi imesaidia pia. Kaya nyingi za Kwale, Kinondo ikiwamo, zilitangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya viwanja vya pwani kuanza kumeza misitu. Kaya Diani, iliyo jirani, ilimegwa vibaya.

"Hofu ya mizimu inamzuia Mdigo," alisema. "Mwenye hati kutoka Nairobi haogopi mizimu yetu. Huyo anaogopa hakimu."

Nilikuwa nimekwenda na fikra nzuri ya kuandika kwamba mila ndiyo dawa. Mila humfunga anayejulikana. Mti wa Kinondo umesalimika kwa sababu kila anayeweza kuukata ana shangazi anayemjua, na pale mkataji asiye na shangazi alipotokea, wazee wakatafuta chombo kingine chenye meno.

Siku iliyofuata nilirudi nyuma kusini hadi Gazi, nikishukia kwenye minazi. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu ya tope, na mgeni hulipa kidogo kutembea juu yake ndani ya mikoko. Dada aliyenitembeza aliitaja miti kwa kidole bila kupunguza mwendo: mlilana mbele uliko maji, kisha mkoko wenye miguu mingi, mkandaa, na mchu nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa wingi iwe kuni za tanuri za chokaa na matofali. Sehemu nyingine zikabaki mchanga mtupu. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwamo Dkt. James Kairo, wamekuwa wakipanda upya pamoja na wanakijiji, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ukaa inayofungwa na mikoko. Eneo ni hekta 117. Kiasi kinachouzwa kwa mwaka ni tani 3,000 hivi. Mauzo hupitia ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, na fedha zimeleta maji ya bomba, vitabu vya shule na mengine ambayo wanakijiji hukaa kikao wakayachagua wenyewe. Kando ya kijiji wamepanda mivinje, ili mtu akitaka boriti au kuni awe na pa kwenda. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nilikunywa maji ya bomba hilo. Ni matamu, na sitaki mtu asome yanayofuata akadhani nayadharau.

"Wanaonunua ni kina nani?" nilimuuliza dada.

"Watu na kampuni za ng'ambo. Wao wanachoma, sisi tunafunga."

"Wakishanunua, wanaacha kuchoma?"

Akacheka. "Hilo nenda kawaulize wao."

Nilipiga hesabu njiani. Mmarekani wa kawaida hutoa takriban tani 14 za kaboni dioksaidi kwa mwaka. Mkenya hafikishi nusu tani. Kazi ya mwaka mzima ya ghuba ya Gazi, pamoja na vikao, doria na kupanda miche kwenye tope la magotini, inafuta moshi wa Wamarekani wapatao 200. Ukumbi mmoja wa harusi. Na kinachofungwa hakimo sana kwenye miti. Kimo kwenye tope, ambamo kimejilimbikiza kwa muda mrefu na kinaweza kutoka haraka mikoko ikikatwa. Kijana wa Gazi akiangusha mkoko mmoja, jina lake litatajwa msikitini kabla ya magharibi. Anayewasha moto upande wa pili wa biashara hii hana kijiji cha kumtaja. Atashuka Ukunda kwa ndege, atatembea juu ya mbao, atapiga picha ya mlilana, atarudi kwao ameridhika.

Hilo ndilo nililorudi nalo kichwani. Watu wa mwambao huu wanajua kujizuia. Wamejua tangu kaya ilipokuwa kaya. Ambacho hawajapata ni mshirika anayejizuia nao. Mzee wa Mwaepe akiacha wavu wa macho madogo, tajiri hamsamehi deni la petroli. Mama karanga akiacha kuni, mtungi haumpunguzii bei. Gazi wakitunza hekta 117, bahari inaendelea kupata joto. Kila anayesema basi analipa peke yake, na asiyesema anapokea faida.

Nilipovuka Horohoro kurudi nyumbani, gazeti lililokuwa kwenye kiti cha basi lilikuwa na habari za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, kuja kuishia kwetu Chongoleani. Abiria wenzangu walibishana juu ya ajira na fidia, na ni mabishano ya haki. Lakini Chongoleani ni kijiji cha wavuvi, na katika mgawo wa boti ya mashine mafuta yana fungu, chombo kina fungu, hata wavu una fungu. Bahari haina. Fungu lake lingekuwa miezi ya kufunga mwamba ambayo mvuvi aliyekaa nje amelipwa, na deni la petroli lisiloweza kumlazimisha mtu kuvua watoto. Na lingetolewa na wenye meli na mapipa, si na mzee mwenye lema. Kikao cha kulidai hakihitaji kungoja tanki la kwanza lijae. Tanga tunazo BMU, tunao wazee, na wajumbe wa Gazi wapo mwendo wa basi moja tu, wanajua jinsi ya kuandika mkataba.